Somo la Tawi: Mwanafunzi wa Sheria Akija Kwetu



Katika matawi yetu huja vijana kutoka vyuoni kufanya mazoezi ya kazi ya kutetea haki. Hukaa wiki chache, huuliza maswali, huandika, kisha hurudi darasani. Wako wanaowaogopa wakidhani ni wapelelezi wa mwajiri. Wako wanaowangoja kama mkombozi. Makundi yote mawili yanakosea. Somo la leo ni namna ya kufanya kazi na mwanafunzi, ili atakapoondoka tubaki na nguvu zaidi kuliko alivyotukuta.

Mwanafunzi huyu ni nani?

Hapa Kampala wanafunzi wa uwakili wa Law Development Centre wana kliniki ya msaada wa sheria iliyoanza mwaka 1998. Huwasaidia watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili, nao husimamiwa na mawakili. Chuo Kikuu cha Makerere nacho kina kliniki ya namna hiyo. Kijana anapata mazoezi, mnyonge anapata msaada. Lakini yeye bado si wakili. Asikuahidi ushindi, nawe usimdai ushindi.

Sheria inasema nini?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 21, inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, jinsia, dini au hali yake. Ibara ya 40 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi kazini. Tena inasema kwamba aliyefukuzwa bila haki apeleke malalamiko kwa afisa wa kazi katika miezi 3. Akichelewa, ni lazima aonyeshe sababu ya kweli. Shikeni sana hiyo miezi 3, maana ndiyo iliyotuumiza.

Yaliyotupata Ggaba

Miaka michache iliyopita tulipokea wanafunzi wawili hapa Ggaba. Wakati huo kulikuwa na kiwanda kimoja, jina tunaliacha, ambacho watu wa rangi mbili walisimamia mashine za aina moja kwa mishahara tofauti. Wageni walikula ndani penye feni, wenzetu walikula nje juani. Wenzetu 7 walipouliza sababu, walifukuzwa wote siku moja.

Wale vijana walifanya kazi kwa moyo. Walikaa na wenzetu ufukoni, karibu na soko, mitumbwi ikiingia na samaki, wakaandika kila neno: tarehe ya kuajiriwa, mshahara, jina la mnyapara, maneno aliyoyasema. Tulifurahi sana. Tukasema, sasa kesi ina wenyewe.

Muhula ukaisha. Vijana wakaenda kufanya mitihani, na daftari likaenda nao. Sisi tukangoja. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekwisha kwenda kwa afisa wa kazi. Tulipozinduka, miezi 3 ilikuwa imepita, na mkononi hatukuwa na hata karatasi moja. Wenzetu 5 walikata tamaa wakarudi makwao. Wawili tu walikubali kwenda kueleza sababu ya kuchelewa, nao wakasikilizwa.

Je, kosa lilikuwa la wanafunzi? Hapana, ndugu. Kosa lilikuwa letu. Tuliwakabidhi kesi yetu kama mtu anayemkabidhi mpita njia mtoto wake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari lilikuwapo, lakini halikuwa letu.

Mfano wa mfanyakazi wa shamba la pamba

Wenzetu wa mbali pia wamefanya kazi na wanafunzi, nao wana la kutufundisha. Katika jimbo la Mississippi, Marekani, watu weusi walizuiwa kupiga kura. Fannie Lou Hamer alikuwa mfanyakazi wa shamba la pamba, mwenye elimu ndogo ya shule kama wengi wetu. Mwaka 1962 vijana wa kamati ya wanafunzi walifanya mkutano kanisani, wakaeleza haki ya kura. Mama huyo alikwenda kujiandikisha, akafukuzwa shambani alikofanya kazi miaka 18.

Mwaka 1964 wanafunzi kama 1,000, wengi wao wazungu, walikwenda Mississippi wakati wa likizo kufundisha na kuandikisha wapiga kura. Tarehe 21 Juni vijana watatu waliuawa: Chaney, mwenyeji wa huko, na Goodman na Schwerner kutoka New York. Basi tusidharau kazi ya vijana. Wengine wameilipia kwa damu.

Lakini mwezi wa Agosti, mbele ya wakubwa wa chama cha Democratic, Mama Hamer ndiye aliyesimama akaeleza mateso yake kwa kinywa chake. Mwaka 1965 ikapitishwa sheria ya kulinda haki ya kura. Likizo ilipokwisha wanafunzi wengi walirudi vyuoni. Yeye alibaki Mississippi akipigania haki hadi alipofariki mwaka 1977.

Tufanye nini?

1. Siku ya kwanza, mwanafunzi aonane na kamati ya tawi na aeleze ataondoka lini.

2. Kila maelezo yaandikwe mara mbili. Nakala moja ibaki tawini.

3. Kila kesi iwe na mfanyakazi mmoja wa kuifuatilia, na tarehe ya mwisho ibandikwe ukutani.

4. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi atufundishe kuandika barua ya malalamiko, asituandikie tu.

5. Tusimtume mbele ya mwajiri peke yake. Tumpe chakula cha mchana na nauli tukiweza, maana wengi wao hawalipwi.

Maswali ya kujadili tawini

Je, karatasi za kesi zetu ziko wapi leo? Ni nani kati yetu anayejua tarehe ya mwisho ya kila kesi? Mwanafunzi akiondoka kesho, kazi itaendelea?

Ndugu, mwanafunzi hupita, mfanyakazi hubaki. Umoja ni nguvu.