SOMO LA BUSTANI: MIWARIDI YA KALE KASULU NA KIBONDO

Mwanaushirika wa Kasulu au Kibondo apendaye kupanda miwaridi nyumbani kwake au mbele ya ofisi ya chama aghalabu huambiwa kuwa ua hilo hupenda baridi. Naye, akikumbuka usiku wa mwezi Juni na Julai, hudhani kwamba mche wowote wa nchi za baridi utamfaa. Hapo ndipo fedha hupotea.

Baridi hazilingani. Katika Jabal Akhdar, milima ya Omani, mwaridi wa Dameski hulimwa kwenye matuta yaliyo mita 2,000 hivi juu ya bahari. Hupumzika wakati wa kipupwe, kisha huchanua msimu mmoja tu, na maua huchumwa alfajiri kwa kutengenezea marashi. Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya ina desturi hiyo hiyo ya kungoja baridi kali. Nyanda za Uha, ingawa sehemu kubwa imepita mita 1,200, hazina kipupwe cha namna hiyo. Mche huo hapa hutoa majani mengi na maua haba.

Unaofaa ni mwaridi wa kale wenye asili ya China, uliofika Ulaya katika karne ya 18 na kuwa mzazi wa miwaridi ichanuayo mara kwa mara. Jina lake si lazima kulijua. Kitafutwe kichaka cha miaka mingi kinachochanua masika na kiangazi bila kunyunyiziwa dawa, na mwenyewe aombwe vijiti.

Mvua zikishika, mwezi Novemba, vikatwe vijiti vilivyokomaa vyenye unene wa penseli na urefu wa sentimeta 20. Majani ya chini yaondolewe, na theluthi mbili za kijiti zifukiwe kitaluni chini ya kivuli chepesi. Visivutwe kutazamwa mizizi! Pupa hiyo huua vingi kuliko ukame. Baada ya miezi miwili au mitatu, vilivyochipua vizuri vihamishiwe mashimoni, umbali wa mita moja, pamoja na samadi iliyooza.

Mche wa kununua mara nyingi umebebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye nguvu. Mbuzi akiula au moto wa kiangazi ukiuunguza hadi chini ya kiungo, kinachochipua ni lile shina la chini, na ua lililonunuliwa limekwisha. Mche wa kijiti hauna kiungo. Ukikatika, mizizi ikiwa hai, hurudi ulivyokuwa.

Adui mwingine ni mchwa. Matandazo ya nyasi huhifadhi unyevu, lakini yasiguse shina. Iachwe nafasi ya shubiri moja. Mwezi Septemba yakatwe matawi makavu na yanayosuguana, ili hewa ipite na majani yakauke upesi baada ya mvua, kwa maana madoa meusi huenea kwenye majani yanayokaa na maji. Matawi mazima yapunguzwe kidogo tu: mwaridi huu haupendi kukatwa hadi kisiki kila mwaka.