Mto Hauuzwi, Lakini Njia Ina Mwenyewe

FAHAMU SHERIA: Somo la toleo hili

Jina la Eldoret, lililopata hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, husemekana kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Mto wenyewe ni Sosiani. Mawe hayo ndiyo yanayozuia boti kupita kila mahali. Hata hivyo, zipo sehemu za maji matulivu, na yapo mabwawa mengi katika mashamba ya Uasin Gishu ambako vijana wangependa kupiga kasia, kwa burudani au kwa kuwatembeza wageni wapate riziki. Kikwazo mara nyingi ni kimoja: ili uyafikie maji, sharti upite katika shamba la mtu.

Tuchukue mfano. Kikundi cha vijana kumi kimenunua mitumbwi miwili. Mkulima anayepakana na mto amevuta seng'enge hadi majini na kuweka kibao: "Mto wa kibinafsi. Usiingie." Vijana wanasema mto ni wa Mungu. Mkulima anasema hati miliki anayo mkononi. Nani yuko sawa? Kila upande una haki yake, na kila upande umekosea mahali.

Maji ni ya nani?

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja mito yote na maziwa yote kuwa sehemu ya ardhi ya umma. Sheria ya Maji ya 2016 inaongeza kwamba kila rasilimali ya maji iko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Kwa hivyo kile kibao cha mkulima hakina msingi. Hawezi kuuuza mto wala kuukodisha kama mali yake. Kuuziba au kuuelekeza kwingine bila idhini ni kosa.

Bwawa ni suala tofauti kidogo. Aliyejenga bwawa kwa kuziba mkondo wa mto anahitaji kibali. Lakini aliyechimba hodhi ndani ya shamba lake, mahali pasipo na mkondo, sheria haimdai kibali cha kuhifadhi maji hayo. Hodhi la namna hiyo halina njia ya umma, na mgeni hana budi kubisha hodi kwanza.

Ukingo je?

Kanuni za maji na za mazingira zinalinda ukanda wa ardhi kando ya mto, kila upande. Upana wake hufuata upana wa mto, lakini haupungui mita 6 wala kuzidi mita 30, ukipimwa kutoka pale maji yanapofika wakati wa mafuriko makubwa. Katika ukanda huo hairuhusiwi kujenga nyumba ya kudumu, kulima wala kutupa taka.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ulinzi huo haumnyang'anyi mkulima ardhi yake. Unamwekea mipaka ya matumizi tu. Wale vijana hawawezi kusema kwamba mita 30 ni zao, wakakata waya na kupita. Sheria ya kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa inaweza kuwafikisha kortini, hata kama wanaelekea kwenye mto wa umma.

Funzo kutoka Naivasha

Wenzetu wa Naivasha wameishi na suala hili kwa miaka mingi. Ziwa ni la umma, lakini sehemu kubwa ya ufuo imezungukwa na mashamba ya maua, hoteli na makazi ya watu binafsi. Wenye ardhi walianzisha chama chao tangu enzi za ukoloni. Wavuvi na waendesha boti hutegemea fuo chache za umma, kama Karagita na Kamere. Ziwa lilipofurika mwaka wa 2020, maji yaliingia hadi mitaa ya makazi kama Kihoto, na mpaka wa ziwa na ardhi ukawa swali upya.

Funzo ni kwamba njia ya kufikia maji ni rahisi kuipanga mapema. Ardhi ikishagawanywa ploti na kuzungushiwa ua, kila mita inagombaniwa. Uasin Gishu bado ina nafasi ya kuzungumza kabla ya hapo.

Makubaliano yaandikwe

Ruhusa ya mdomo hufa siku shamba linapouzwa au mzee anapoaga dunia. Kikundi na mwenye shamba waandikiane, mbele ya mashahidi, wakijibu maswali haya:

- Njia inapita wapi, na upana wake ni hatua ngapi?
- Ni siku na saa zipi, na boti ngapi kwa wakati mmoja?
- Nani atafunga lango ili ng'ombe wasitoke?
- Choo kiko wapi, na taka zitabebwa na nani?
- Malipo ni kiasi gani, na yatalipwa lini?
- Mkataba unaisha lini, na unavunjwaje?

Wakitaka njia ya kudumu, haki hiyo inaweza kusajiliwa katika ofisi ya ardhi ili imfunge hata mnunuzi wa baadaye. Sheria ya Ardhi ya 2012 pia inatambua njia ya jamii, ambayo huombwa kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Nayo serikali ya kaunti ina jukumu la kikatiba juu ya bustani, vituo vya burudani na utalii wa mashinani. Ndiyo maana inafaa vikundi vifike kwetu mapema.

Usalama si hiari

Mwenye shamba akishawaruhusu watu kuingia, sheria inamtaka achukue tahadhari ya kawaida ili wasiumie. Hofu hiyo ndiyo huwafanya wakulima wengi kufunga lango. Kikundi kinaweza kuipunguza: kila abiria avae jaketi ya kuokolea, mtoto asipande bila mtu mzima, na safari zisimame maji yanapopanda msimu wa mvua. Boti inayobeba abiria kwa malipo ikaguliwe na Mamlaka ya Masuala ya Bahari, KMA, ambayo kazi yake inafika hata maji ya bara. Seng'enge isikatize mto kamwe. Maji yakijaa haionekani, na inaweza kumuua mtu. Nalo bwawa la maji ya kunywa, kama lile la Two Rivers, lisiingiwe bila idhini ya wasimamizi wake.

Mzozo ukizuka, anzeni kwa chifu, msimamizi wa wadi au chama cha watumiaji wa maji cha eneo lenu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa Eldoret, lakini kesi hula miaka na pesa ambazo zingenunua mtumbwi wa tatu.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika kijiji chenu, ni njia ngapi za kufika mtoni ambazo bado ziko wazi kwa watu na mifugo?
2. Ni ipi kati ya hizo inayotegemea ukarimu wa mtu mmoja tu?
3. Mtu huyo akiuza shamba kesho, mtapita wapi?