Je, Mwenzi Wangu Anapunguza Pombe Kweli?



Mume ameahidi kuacha ulevi. Wiki ya kwanza hanywi, mke anafurahi. Wiki ya pili anarudi usiku amelewa, naye mke anasema, “Ni yale yale.” Wiki ipi imesema kweli? Hata moja. Ulevi, wa mume au wa mke, hupimwa kwa miezi, si kwa usiku mmoja.

Wanasaikolojia Linda na Mark Sobell walibuni njia ya kalenda. Mnywaji hutia alama siku anazozikumbuka vizuri, kama za mshahara, mazishi au sikukuu. Kisha hueleza alikunywa kiasi gani kila siku. Njia hiyo ilitumika Eldoret katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwa watu 614 wenye virusi vya UKIMWI. Yalipimwa mambo mawili: alikunywa siku ngapi, na siku aliyokunywa, alikunywa kiasi gani.

Kwetu ufukoni, kuanzia Dunga hadi Port Victoria, kuna jambo la kuangalia. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi hupumzika na fedha hupungua. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, utadhani mtu amebadilika, kumbe ni mfuko uliobadilika. Linganisheni mwezi mzima na mwezi mzima.

Tuchukue mfano. Katika siku 30 za kwanza, mume alikunywa siku 20, jumla chupa 80, yaani chupa 4 kila alipokunywa. Siku 30 zilizofuata alikunywa siku 12, chupa 60. Siku zimepungua, lakini kila anapokunywa humaliza chupa 5. Amepiga hatua, ila kazi ipo. Mwezi wa tatu: siku 8, chupa 24, yaani chupa 3. Hata kama usiku mmoja kati ya hizo 8 ulikuwa mbaya, safari inaendelea.

Zingatieni haya:

1. Mnywaji aandike mwenyewe. Mwenzi asiwe polisi, na kalenda isiwe fimbo ya kumchapia. Anayeogopa kugombezwa ataandika uongo.

2. Siku isiyojulikana iachwe wazi. Msiandike sifuri.

3. Ketini pamoja mara moja kwa wiki, wakati hakuna aliyelewa wala kukasirika.

Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka hata kupata kifafa. Aende hospitali kwanza. Na palipo na kipigo, usingoje kalenda: tafuta usalama wako na wa watoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

– Ni siku zipi za mwezi zinazotujaribu zaidi, na fedha za siku hizo zikae kwa nani?

– Mwenzangu akianguka siku moja, je, nazikumbuka pia siku alizosimama?