SOMO: TUTIE MAYAI RANGI, WATOTO WAYALE



Hapa Kasongo na Kabambare kuku wanatembea karibu na nyumba nyingi. Lakini mayai yanaenda sokoni, na mtoto anakula bugali na mchuzi mwepesi. Siku zikipita, miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu, na mtoto hataki kucheza tena. Hiyo ni bwaki, ndiyo kwashiorkor. Mtoto akivimba, mlete hospitali mara moja. Lakini ni vizuri zaidi kumlinda mbele.

Yai linajenga mwili. Angalia kifaranga: damu yake, nyama na mifupa, vyote vimetoka ndani ya yai. Mtoto wa miezi 6 anaweza kula yai lililoiva sana, lililopondwa ndani ya uji. Na mkubwa anayekataa? Tumvute kwa rangi. Katika Ugiriki wamama wanatia mayai rangi nyekundu kwa Pasaka, na wengi wanatumia maganda ya vitunguu.

Namna ya kufanya

1. Tia mayai ndani ya maji baridi. Linalolala chini ni zuri. Linaloelea, litupe.
2. Osha mayai mazuri.
3. Chemsha maganda makavu ya vitunguu 10 ndani ya nusu lita ya maji, dakika 20.
4. Ongeza kijiko 1 cha maji ya ndimu, sababu ndimu inasaidia rangi kushika. Tia mayai, yachemke dakika 12. Yatatoka mekundu-kahawia.
5. Ukitaka rangi ya njano, tumia vijiko 2 vya bizari ya manjano pahali pa maganda.
6. Pakaa mafuta ya mawese kidogo, yang'ae.

Angalisho

Tumia tu mimea tunayokula. Hapana kutia rangi ya nguo, rangi ya mikeka, wala wino. Ganda la yai lina matundu madogo sana, na sumu inaweza kupenya. Mayai yaliyopikwa yaliwe siku ile ile.

Swali: Mama mwenye mimba anaweza kula yai?
Jibu: Ndiyo, lililoiva. Wazee wengine wanakataza, lakini yai halimdhuru mtoto tumboni. Linamjenga.

Basi mama, ukiwa na mayai 6, uza 4. Mawili yabaki kwa watoto wako.