SOMO LA NDOA: KUMCHAGUA DAKTARI WA UZAZI KIGALI

Mwezi huu tumeona vema tufundishane juu ya neno ambalo watu hutuletea usiku, si mchana: ndoa ya miaka mitatu au minne bila mtoto. Mara nyingi anayekuja ni mama peke yake. Mama mkwe amekwisha kusema, majirani wamekwisha kusema, na mume ameanza kuwaza mke mwingine.

Madaktari huita utasa pale mume na mke wanapokaa mwaka mzima pamoja bila kuzuia mimba, na mimba isiingie. Mama aliyetimiza miaka 35 asingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na shida hii maishani. Basi Hana wa 1 Samweli ana dada wengi.

Akina baba, hapa tutasema wazi. Karibu nusu ya ndoa hizo, shida iko kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Kuwa na nguvu za kiume si kuwa na mbegu. Kipimo cha manii ni chepesi, hakina kisu wala sindano. Mume hujizuia siku 2 hadi 7, kisha hutoa katika kikopo. Mama ndiye hupimwa kwa taabu: damu, ekografia, na picha ya mirija inayopigwa kwa dawa iliyopitishwa katika kizazi. Kwa hiyo daktari anayempasua mama kabla ya kumpima baba, mwogopeni. Hilo ndilo jaribio la kwanza la kumjua daktari.

Njia ya mituweli mnaijua: kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ndipo hospitali kubwa kama CHUK. Msiruke ngazi, maana bila karatasi ya kutumwa mtalipa wenyewe. Tena ulizeni mapema ni vipimo gani vinalipiwa na vipi havilipiwi.

Anayekwenda kliniki ya binafsi aulize kama daktari ameandikishwa katika Baraza la Madaktari la Rwanda, na kama ni daktari wa wanawake aliyesomea uzazi hasa. Bango la barabarani si diploma. Aulize pia: kwa wamama wa umri wangu, wangapi wamezaa? Asikubali hesabu ya mimba tu, kwa sababu mimba nyingine hutoka. Na bei yote ni ngapi, pamoja na dawa? Anayeahidi mtoto kwa hakika, iwe daktari, mganga wa majani au mtumishi anayedai sadaka kwanza, huyo anauza.

Wengine wanauliza juu ya mtoto wa chupa. Wa kwanza duniani alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Kampala walizaa kwa njia hiyo mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Hapa Rwanda, Bunge lilipitisha mwaka 2025 sheria ya huduma za afya inayoongoza pia uzazi wa kusaidiwa. Ni njia ya gharama kubwa na mara nyingi haifaulu mara ya kwanza. Hatuikatazi. Lakini msiuze shamba la nyumbani wala kukopa kabla hamjajua mirija na mbegu vikoje, kwa kuwa wengine hupona kwa dawa tu, na maambukizo ya zinaa kama klamidia yakitibiwa mapema huokoa mirija.

Yule mama wa Marko 5 alimaliza mali yake yote kwa waganga wengi. Sisi wakimbizi mali yetu ni ndogo, basi kila daktari mpya asianze upya: ombeni nakala za majibu yote, na picha zenyewe, mziweke katika bahasha moja pamoja na karatasi za ukimbizi. Siku ya kwenda, mwende wawili.