Mada ya 7: Latitudo, Pepo na Tabianchi

Mwanafunzi, mtihani ukikuuliza latitudo inavyoathiri tabianchi, usiishie kuandika "karibu na ikweta kuna joto". Fuata hatua nne: jua, mgandamizo wa hewa, upepo, kisha mvua. Tutumie mfano wa Makere, wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, penye latitudo ya takriban 4° Kusini.

1. Jua. Katika ikweta jua la utosi hupita mara mbili, karibu tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Makere hupita mwanzoni mwa Oktoba na karibu tarehe 9 Machi, yaani kwa tofauti ya miezi mitano. Mbeya, karibu 9° Kusini, tofauti hiyo ni miezi minne na kitu. Tropiki ya Kaprikoni hupita mara moja tu, mwezi Desemba.

2. Mgandamizo. Mahali penye jua la utosi hewa hupata joto, hutanuka na kupanda juu. Mgandamizo hapo huwa mdogo.

3. Upepo. Hewa huvuma kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo. Mzunguko wa dunia huupindisha upepo upande wa kushoto katika kizio cha kusini, na upande wa kulia katika kizio cha kaskazini. Pepo za pande mbili hukutana kwenye ukanda mvua.

4. Mvua. Ukanda mvua hulifuata jua, ukichelewa wiki kadhaa. Kuanzia Juni hadi Septemba ukanda huu uko kaskazini ya ikweta. Makere hupata pepo za kusini mashariki, ambazo zimeshapoteza unyevu mwingi zikipita juu ya nchi kavu. Hicho ni kiangazi. Ukanda unaporudi kusini, na hewa yenye unyevu kutoka Bonde la Kongo inapoingia, mvua huanza.

Zingatia. Kadiri unavyokwenda kusini, mapito mawili ya jua hukaribiana na misimu miwili ya mvua huungana kuwa mmoja. Mpaka huo unapita ndani ya mkoa wa Kigoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziweka Kibondo na Kakonko katika maeneo ya vuli na masika, lakini Kasulu huwa katika maeneo ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo mkulima wa Makere akipanga kupanda mahindi kwa utabiri wa vuli, atakuwa ametumia utabiri wa jirani. Mbegu inaweza kuozea au kukaukia ardhini.

Tahadhari. Latitudo haifanyi kazi peke yake. Dar es Salaam iko mbali zaidi na ikweta kuliko Makere, lakini ina joto zaidi, kwa sababu Makere iko kwenye nyanda za juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 unazopanda.

Jipime
1. Kwa nini pepo za Julai hazileti mvua Makere? (alama 3)
2. Eleza kwa nini Mbeya ina msimu mmoja wa mvua wakati Bukoba, karibu 1° Kusini, ina vipindi viwili vya mvua nyingi. (alama 5)

*Dokezo la swali la 2: anza na tarehe za jua la utosi, si na mvua.*