Nyota Mbili za Jioni Ile

Desemba 2020 niliwaambia vijana wa darasa langu kwamba nyota ya Bethlehemu imerudi. Tarehe 21, jua lilipotua, tukasimama nje tukitazama magharibi. Kijana mmoja alikuja na darubini ya babu yake. Akatazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mbona ziko mbili?"

Kumbe ni kweli. Ilikuwa Mshtarii, ile inayong'aa sana, na Zohali kando yake. Wala si nyota, ni sayari. Kwa macho zilikuwa kama zimegusana, pengo lake kama sehemu ya tano ya upana wa mwezi. Lakini huko juu zilitengana kwa zaidi ya kilomita milioni 700! Hukaribiana hivi kila miaka 20 hivi, ingawa mara chache kwa kiasi kile.

Jumapili iliyofuata nikawaambia vijana nilikosea. Haikuwa rahisi, maana wazazi wengine walikuwa wameketi nyuma.

Zitakutana tena 2040. Kwa sasa, ukiiona Mshtarii, azima darubini, egemeza viwiko ukutani mikono isitetemeke. Vile vidoa kando yake ni miezi aliyoiona Galileo mwaka 1610. Vichore kwa karatasi, urudi kesho: utakuta vimehama.